Mali Bila Daftari: Chuo cha Oxford, Wakfu Zetu na Uongo wa "Tunaaminiana"



Ndugu zangu mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni, Waislamu na wasiokuwa Waislamu,

Naandika haya nikiwa nimetoka zamu ya usiku, kwa hivyo mkiniona mkali mnisamehe, usingizi nao una sehemu yake. Lakini jambo lenyewe nimelinyamazia kwa muda mrefu na nimechoka kulinyamazia.

Mimi ni muuguzi hapa Oxford. Nikiwa na shughuli mjini baada ya kazi hupita njia moja nyembamba iliyotandikwa mawe, inaitwa Merton Street. Upande mmoja wa njia ile kuna Merton College. Watalii hupiga picha mlango wake, wakaenda zao. Mimi nilipita pale miaka mitatu bila kujua kuwa nyuma ya ukuta ule kuna kitu kinachotuhusu sisi watu wa Pwani kuliko kinavyowahusu watalii. Kitu chenyewe ni chumba cha karatasi.

Chuo kile kilianzishwa mwaka 1264 na bwana mmoja akiitwa Walter de Merton, aliyekuwa waziri mkuu wa mihuri wa Mfalme Henry wa Tatu, baadaye akawa askofu wa Rochester. Alichofanya ni hiki. Alichukua mashamba yake mawili ya Malden na Farleigh, huko Surrey, akayafunga. Akaandika kwamba mapato ya mashamba yale yatawalisha na kuwasomesha wanafunzi 20, na kwamba watakapoondoka hao watakuja wengine, na wengine tena, daima dawamu. Mashamba hayarithiwi. Mapato yana kazi yake. Anawekwa msimamizi wa kuyaangalia, naye ana masharti yake. Na katika kuwachagua wanafunzi, jamaa wa mwenye mali watangulizwe.

Sasa nikuulizeni, jambo hilo kwetu linaitwaje?

Linaitwa WAKFU. Hata mtoto aliyefika juzuu ya amma anaweza kukujibu. Na si mimi tu ninayesema. Mwaka 1988 mwanasheria mmoja, Monica Gaudiosi, alichapisha makala ndefu katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahoji kwamba hati ya Merton ya 1264 inafanana mno na hati ya wakfu, na kwamba huenda Waingereza waliuchukua mfumo huu kwa Waislamu wakati wa vita vya msalaba. Wapo wanahistoria wasiokubaliana naye, na mimi si hakimu wa mambo hayo. Inanitosha kwamba vitu hivi viwili vinafanana kiasi cha kumfanya mtaalamu mzima akae chini aandike.

Basi kama ni wakfu ule ule, kwa nini wao wana chuo mpaka leo, na sisi tuna hadithi?

Najua jibu litakalokuja kwanza. "Wazungu walituvurugia." Nitalijibu, msiwe na haraka. Kwanza nikusimulieni habari ya chuo chetu.

Kwetu Unguja neno chuo halikuanza na majengo ya digrii. Chuo ni pale mtoto anapokalishwa mkekani akaanza alifu. Mama yake bibi yangu alikuwa na duka moja Mji Mkongwe, chini duka na juu chumba. Alikuwa mtu wa kawaida, alishona kofia na kuuza ubani. Kabla hajafa aliliweka wakfu duka lile: kodi yake imlipe maalim wa chuo cha mtaani, inunue mafuta ya taa na mikeka, na kinachobaki wapewe mayatima siku ya Idi. Iliandikwa hati mbele ya kadhi, wakashuhudia watu. Hati ikatiwa kwenye sanduku la njumu, sanduku likakaa uvunguni mwa kitanda. Bibi yangu alikuwa akiisimulia habari hii kila Ramadhani kwa fahari kubwa. Hati yenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuisoma.

Msimamizi alikuwa babu mmoja katika ukoo. Hakuna aliyemuuliza hesabu, kwa kuwa kumuuliza mtu mzima hesabu ni utovu wa adabu. Alipokufa akashika mwanawe, naye hakuulizwa. Maalim akawa anapewa kidogo, halafu anapewa mara moja moja, halafu akaambiwa duka halina mpangaji. Siku moja tukasikia duka limeuzwa. Leo panauzwa vinyago na vitambaa kwa watalii, na watoto wa mtaa ule wanasoma Kurani katika chumba cha mabati cha kuazima, ambacho jua la saa nane likiwaka hakikaliki.

Mwaka 2019 nilikwenda likizo nikasema nitalifuatilia. Nikaenda ofisi moja, nikakalishwa, nikaeleza kwa machozi. Karani akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno moja: "Dada, hati iko wapi?" Nikamwambia mtaa mzima unajua. Akanijibu kwamba mtaa si hati. Nilitoka pale nikimlaani. Leo, baada ya kusoma niliyoyasoma, namuomba radhi yule kijana. ALIKUWA NA HAKI. Sanduku la njumu tulilitafuta kwa shangazi, kwa ami, mpaka Dar es Salaam. Lilipatikana kwa binamu, limetiwa vyombo vya harusi. Ndani yake hapakuwa na karatasi hata moja.

Sasa turudi kwenye Merton Street.

Mwishoni mwa karne ya 13 watu wa chuo kile walijenga chumba maalumu cha kuhifadhia hati na fedha. Ukiwa ndani ya kiwanja chao kongwe unaweza kukiona mpaka leo. Paa lake si la mbao wala si la makuti, ni la mawe matupu na lina mteremko mkali. Sababu ni moto. Walijua kuwa karatasi ikiungua na shamba limekwenda. Hawa ni watu ambao hawakuwa na umeme wala kompyuta, na walifikiria jambo hilo zaidi ya miaka 700 iliyopita. Sisi, Jengo Kuu la Makerere, chuo mama cha Afrika Mashariki nzima, liliungua usiku mmoja wa Septemba 2020, na ofisi za fedha zikiwa miongoni mwa zilizoteketea. Jengo limejengwa upya likafunguliwa 2024, tunashukuru. Lakini mlio wa kengele ile ulitakiwa usikike mpaka kwenye masanduku yetu ya uvunguni, na haukusikika.

Na wasidhani watu kuwa chumba cha mawe ndicho kilichokilinda chuo. Kilichokilinda ni MAULIZO. Chukueni mfano wa kijiji kiitwacho Cuxham, kiasi cha kilomita 20 kutoka Oxford, kilichokuwa mali ya Merton. Kumbukumbu zake zimebaki kwa wingi hata mwanahistoria P. D. A. Harvey akaziandikia kitabu kizima. Tangu 1311 mpaka 1349 shamba la Cuxham lilisimamiwa na mtu mmoja, Robert Oldman. Huyu hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa mtwana wa shamba, mtu asiye huru. Lakini kila mwaka, mavuno yakishaisha, aliketishwa mbele ya wakaguzi akasomewa: ngano imevunwa kiasi gani, imeuzwa kiasi gani, ng'ombe wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, seremala amelipwa nini. Gharama wasiyoikubali waliikata kwa kalamu, na karani akaandika yote kwa Kilatini kwenye ngozi. Miaka 38 mtu yule yule, anayejulikana na kila mtu, na hakuna mwaka alioambiwa "wewe tunakuamini, hesabu acha."

Mwaka 1349 tauni ile kubwa ikaingia kijijini ikamchukua Robert Oldman. Mimi niliyevaa barakoa wodini mwaka 2020 najua maana ya mwaka wa namna hiyo, pale unapokuja kazini hujui nani kaondoka jana. Waliomfuatia nao walitakiwa hesabu zile zile. Kifo hakikuwa udhuru wa daftari kukatika. Kwetu msimamizi akifa, wakfu unaingia kaburini pamoja naye.

Tena chuo hakikuachiwa kijikague chenyewe. Palikuwa na mtu wa nje mwenye haki ya kuingia, kusoma na kukemea, yaani Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1284, miaka 20 tu tangu kuanzishwa, Askofu Mkuu John Peckham aliwaandikia akiwakaripia. Moja ya makosa aliyoyaona ni kwamba wamewaingiza watu wanaosoma utabibu, na mwenye mali hakuusia utabibu. Mimi kama muuguzi nilicheka niliposoma habari hii, bwana yule angenifukuza mlangoni. Lakini kicheko kilipoisha nikajiuliza: kwetu ni nani aliyepata kusimama akasema, "mwenye wakfu alisema mafuta ya taa na maalim, nyinyi kodi mnaipeleka wapi?" Nani ana haki ya kuuliza? Akiuliza anaitwa nani? Anaitwa hasidi. Anaitwa mtu wa fitina. Akiwa mwanamke anaambiwa ulaya imemharibu.

Sasa nije kwa wale wa "Wazungu walituvurugia". Ndiyo, walituvuruga, na mimi nitawaongezea ushahidi ambao wengi wenu hamnao. Mwaka 1894 mahakama ya juu kabisa ya himaya, iliyokuwa ikikaa London, iliamua kesi iliyotoka Bengal kwamba wakfu wa familia, ambao maskini hufikiwa mwisho kizazi kikishakatika, si wakfu wa halali. India wakapigana mpaka wakapata sheria ya 1913 ya kuurudisha. Huku kwetu hukumu ile iliendelea kututafuna. Kesi ya familia moja ya Mombasa ilifika London, na katika ripoti za sheria za mwaka 1952 majaji wamo wakirudia neno lile lile: wakfu wa Mswahili na Mwarabu wa Pwani unaowafaidisha jamaa zake haufai. Ilibidi Kenya itungiwe sheria mwaka 1951 ya kuzihalalisha wakfu hizo.

Na hapo hapo, ndugu zangu, katika vyuo vya Oxford jamaa wa waasisi walikuwa na upendeleo wao. Katika baadhi ya vyuo upendeleo huo uliendelea mpaka miaka ya 1850. Yaani Walter de Merton kuwatanguliza wapwa zake ni ukarimu, na mzee wa Mombasa kuwatanguliza wajukuu zake ni hila. Hiyo ni dhulma, na niiite kwa jina lake.

Vile vile baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba na mashamba mengi Unguja na Pemba yalitaifishwa, na ndani yake wakfu hazikusalimika zote. Hilo nalo nalisema bila kupepesa macho.

Lakini duka la mama yake bibi yangu hakulichukua jaji wa London, wala hakulichukua askari wa 1964. TUMELILA SISI. Tumelila taratibu, kwa heshima, huku tukiamkiana shikamoo. Na hata zile zilizochukuliwa na wengine, atakayedai atadai kwa nini? Kwa simulizi za Ramadhani? Dhulma bila hati haiendi mahakamani, inabaki kibarazani.

Jibu la pili litakalokuja ni hili: "Unawasifu hao? Mali zao zimejaa damu." Kweli. All Souls College, mwendo wa dakika chache kutoka Merton, ina maktaba nzuri kupita kiasi. Ilijengwa kwa paundi 10,000 zilizoachwa kwa wasia na Christopher Codrington aliyefariki 1710, na utajiri wake ulitoka kwenye mashamba ya miwa ya Barbados na Antigua yaliyolimwa na watumwa, Waafrika wenzetu. Merton yenyewe, sehemu ya ardhi yake ya mwanzo ilitoka kwa watu waliozama katika madeni.

Lakini niambieni, mimi binti wa Unguja nimeyajuaje haya? Nimeyajua kwa sababu YAMEANDIKWA. Wasia wa Codrington upo. Kwa karatasi hizo hizo watu walisimama wakakibana chuo kile, na mwaka 2020 kikaacha kuiita maktaba ile kwa jina lake. Chuo Kikuu cha Glasgow kilifungua madaftari yake, mwaka 2018 kikachapisha ripoti kikikiri kimenufaika na fedha za utumwa, na mwaka uliofuata kikaahidi paundi milioni 20 kushirikiana na Chuo Kikuu cha West Indies. Mtasema ni kidogo, na mimi nasema ni kidogo. Lakini daftari linalomhifadhia mtu mali ndilo hilo hilo linalomshitaki. Asiye na daftari hashitakiwi kwa kosa lake, na pia hawezi kuthibitisha haki yake. Sisi tumechagua kuishi hivyo. Na sisi tunaotoka Unguja, kisiwa cha karafuu na soko la watumwa, tusijifanye malaika: katika mali zilizowekwa wakfu kwetu zimo zilizolimwa na mikono isiyo huru. Daftari lingetuonesha na hilo. Huenda ndiyo sababu moja ya wengine kutolipenda.

Sasa nifike palipo na kidonda changu mwenyewe, maana si haki kuwasema wazee waliokufa nikajiacha mimi.

Mwaka 2017 sisi wa hapa Uingereza, kikundi cha watu kama 40, tulichanga tununue kiwanja nyumbani tujenge chuo na kisima. Kila mtu alitoa alichonacho. Kuna dada mmoja msafisha maofisi alileta paundi 20 kila mwezi bila kukosa. Katika mkutano kijana mmoja akauliza kiwanja kitaandikwa jina la nani, na hesabu zitaletwa lini. Palikuwa na kimya kizito. Aliyekivunja kimya kile ni mimi. Nilimwambia, mbele za watu, "Kaka, hapa si kazini, hapa tunaaminiana." Watu wakapiga makofi. Yule kijana hakuja tena.

Kiwanja kikaandikwa jina la mzee mmoja muaminifu kweli kweli, na mpaka leo sina shaka naye. Mwaka 2021 korona ikamchukua. Wanawe wakafungua mirathi, wakakuta kiwanja chenye jina la baba yao, wakagawana. Wamekosa nini? Karatasi imesema ni cha baba yao, na hawakuwepo mkutanoni siku ile ya makofi. Yule dada msafishaji aliniuliza msikitini, "Zile paundi zetu zimefikia wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Niliangalia miguu yangu.

Na hebu niwaambie kinachonichoma. Usiku ule ule, kazini, kabla sijampa mgonjwa mofini nafungua kabati pamoja na muuguzi mwenzangu. Tunahesabu vichupa wote wawili. Tunaandika vilivyobaki. Natia saini, naye anatia saini. Nimefanya naye kazi miaka, watoto wetu wanacheza pamoja, na hajapata hata siku moja kuniambia "kwani huniamini?" Tulifundishwa skuli ya uuguzi kwamba jambo usiloliandika ni sawa na hukulifanya. Basi mofini ya mgonjwa mmoja ina saini mbili, na mali ya mayatima wa mtaa mzima haina hata moja! Saini mbili si tusi. Ni kumlinda mwenzako asisingiziwe, kumlinda asishawishike, na kumlinda siku akifa.

Msiniambie huo ni Uzungu. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandika deni. Inahusu karani na mashahidi, na inatuonya tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Mola wetu angeweza kuifanya aya ndefu kabisa ihusu jambo jingine lolote. Tunaihifadhi kwa moyo tukiwa na umri wa miaka kumi, halafu tukiwa na miaka arubaini tunanunua kiwanja cha msikiti kwa kupeana mikono. Na wazee wetu wa Pwani walikuwa na msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuusikia Oxford.

Kwa hivyo nasema yafuatayo, na anayetaka kunijibu anijibu kwa hoja.

Kwanza, mali ya umma isiandikwe tena jina la mtu mmoja, awe shekhe, awe daktari, awe mama yangu. Njia zipo. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa sheria ya 2007. Bara wadhamini husajiliwa RITA. Kenya wapo makamishna wa wakfu. Hapa Uingereza na Wales, taasisi ya hisani ikizidi mapato ya paundi 5,000 kwa mwaka inatakiwa isajiliwe, na yeyote anaweza kuzifungua taarifa zake akiwa amelala kitandani. Tunaogopa nini kusomwa?

Pili, kila wakfu uwe na siku yake ya hesabu. Merton walingoja mavuno, sisi tuchague Maulidi au mwezi sita Shawwal, ilimradi siku hiyo msimamizi asimame asome: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na akae mtu wa nje ya ukoo wa kuuliza.

Tatu, hati zipigwe picha LEO na nakala zikae nyumba tatu tofauti. Vyuo vya zamani vya huku vilikuwa na desturi ya sanduku lenye makufuli matatu na funguo kwa watu watatu. Sisi tuna simu mikononi zenye uwezo kupita maktaba zao, na tunazitumia kupelekeana picha za biriani.

Nne, wazee wenye kujua mipaka na majina bado wapo, wachache. Waulizwe sasa, warikodiwe, waandikwe tarehe na mashahidi. Bibi yangu alifariki na majina ya mashahidi wa hati ile. Nilikuwa nampigia simu kila Ijumaa na sikumuuliza.

Tano, na hili naielekezea serikali zetu zote: rejista ya wakfu iwe kitu ambacho mwananchi anaingia mlangoni akakifungua, bila kumjua mtu wala kumpa mtu chai. Mali ya Mungu haina siri ya ofisi.

Wapo watakaosema hii ni aibu, tunaanika nguo za ndani barabarani. Aibu iko pale kwenye chumba cha mabati saa nane mchana, mtoto anapofuta jasho kwenye msahafu wakati duka lililokuwa lake linauza vinyago hatua chache kutoka hapo. Mtoto yule hajui kuwa ana mali. Hakuna aliyemuandikia.

Yule kijana niliyemtukana mkutanoni nilimtafuta mwezi uliopita. Nimemuomba radhi, na nimemuomba awe mkaguzi wetu, maana tumeanza kuchanga upya. Amekubali kwa sharti moja: kila risiti, hata ya pauni moja. Dada msafishaji ndiye mtia saini wa pili. Daftari lipo kwangu, nakala kwake, nakala kwa kijana. Mpaka sasa tuna paundi 640, na nikiulizwa zimefikia wapi, nina la kujibu.

Wabillahi tawfiq.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Oxford, Uingereza